Maji Yaliyoondoka Kabla ya Mgeni Rasmi

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imekwenda semina. Itoshe kusema ni nchi ya amani, iko mbali na bahari, na viongozi wake wanatupenda kiasi kwamba hawatuachi hata tukilala. Mji wetu ni Mlangala. Una barabara moja ya lami, mnada wa ng'ombe kila Alhamisi, na mabwawa matatu ya majitaka. Mimi nafanya kazi mabwawani. Naitwa Sikitu.

Kazi yenyewe haina maelezo marefu. Kila kinachoshuka vyooni na bafuni mjini kinateremka kwa bomba mpaka kwangu. Nakipokea kwenye chujio, naondoa kwa reki vile ambavyo watu hawakupaswa kuvitumbukiza: matambara, vijiko, na siku moja meno ya bandia ambayo mpaka leo mwenyewe hajajitokeza. Yaliyobaki yanaingia bwawa la kwanza, yanatulia, tope linazama. Yanahamia la pili, yanageuka kijani. Yanahamia la tatu, kijani kinakuwa chepesi, na mwisho kabisa kuna koki kubwa ya gurudumu ambapo maji yanatoka kwenda Kijito Nsenga. Kijito kinashuka Bondeni. Huko anakaa dada yangu Sabela na watu kama mia tatu, na kijito ndicho bomba lao, kisima chao na bafu lao.

Sikusomea mambo haya. Nilimaliza darasa la saba nikaletwa kushika reki kwa wiki mbili, na sasa ni mwaka wa sita. Lakini ukikitazama kitu miaka sita, kinaanza kukuambia habari zake. Ule ukijani una uhai. Jua likitoka unaamka, unapumua, na pumzi hiyo ndiyo inayosafisha maji. Ukiwepo, perege wanaruka, vyura wanapiga kelele, na harufu ni ya majani yaliyoloa tu. Ukifa, maji yanakuwa meusi, na hapo mtu asiyaguse. Mwaka juzi mtu wa mnadani alimwaga dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye bomba. Ukijani ukafa. Weusi ulichukua siku nne kamili kuvuka bwawa la tatu mpaka kwenye koki. Nilihesabu bila kujua ninahesabu nini. Bondeni tukazika watoto wawili kabla mtu hajaelewa.

Nilimweleza hayo yote Mkurugenzi wetu wa Maji Yaliyokwisha Kutumika, Bwana Mkwizu. Alinisikiliza vizuri sana. Akanihimiza niendelee na moyo huohuo wa kizalendo.

*

Mwaka huu Mheshimiwa Chemchemi ya Taifa alitimiza miaka ishirini ya kutuongoza, ikatoka amri kwamba kila kisicho na jina kipewe la kwake. Hospitali ilikuwa nalo tayari. Daraja lilikuwa nalo, na mto chini ya daraja, na aina moja ya maharage. Mlangala tulipokaguliwa tukaonekana tumebakiwa na mabwawa peke yake.

Kamati ya Majina ikakaa siku tano katika hoteli ya mji mwingine, ili ifikiri kwa utulivu. Bwawa la kwanza, linalopokea kila kitu na halilalamiki, likaitwa Bwawa la Wananchi. La pili likawa la Makamu, maana liko katikati na hakuna anayelitazama. La tatu likapewa Mheshimiwa mwenyewe.

Sasa, sheria ya majina inasema kitu kikishachukua jina la Mheshimiwa kinachukua na heshima zake. Kikaletwa kibao cha marumaru na bendera. Mimi nikakatazwa kuligeuzia bwawa mgongo, nikajifunza kufanya usafi huku natembea kinyumenyume. Wiki ya kwanza nilianguka mara mbili, moja ndani. Kwenye taarifa zangu nikaelekezwa nisiandike tena "maji yamepungua". Niandike "Mheshimiwa amejishusha".

Na akaletwa mlinzi, Koplo Ngasala, kijana mrefu wa milimani, glavu nyeupe, bunduki begani. Saa moja kila asubuhi alilipigia bwawa saluti. Kitabu cha itifaki alikuwa amekihifadhi kifungu kwa kifungu kama watu wanavyohifadhi sala. Hakuwa mtu mbaya. Chai yangu alikuwa anaikubali, ila anainywa akiwa amekaa mkao wa ukakamavu. Tulikaa hivyo miezi minne, mimi na reki, yeye na bunduki, bwawa na kijani chake, na kila mtu akifanya kazi yake.

Kisha zikaja habari kwamba Mheshimiwa angekuja mwenyewe siku ya Jumamosi, kujitazama.

*

Jumapili alitangulia Afisa Itifaki wa Taifa, Bi. Rukonge, mama mwenye viatu virefu na sauti fupi. Alisimama ukingoni kwa muda. Bwana Mkwizu alikuwa nyuma yake ameshika mwavuli, ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kusumbua.

Akauliza maji yale yana rangi gani.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mtu aliiona. Ndipo Bi. Rukonge akatukumbusha kwamba maji ya taifa ni ya buluu. Yako kwenye bendera, ya buluu. Yako kwenye kitabu cha darasa la pili, ya buluu. Mwananchi atakapomwona Mheshimiwa amesimama karibu na jina lake, na jina lake lina rangi ya uji wa mchicha, mwananchi huyo afikiri nini?

Bwana Mkwizu akasema kwa unyenyekevu kwamba yanatibiwa. Akaulizwa na nani. Akanisukuma mbele. Nikasema yanatibiwa na ukijani wenyewe. Bi. Rukonge akaniuliza elimu yangu, nikamtajia, naye akasema kwa upole kabisa kwamba ndivyo alivyodhani.

Jumatatu yakaja malori mawili. La kwanza lilibeba klorini, magunia kumi na mawili, ya kuondoa ukijani. La pili lilibeba bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashati meupe, na nyuma yake akina mama wa kikundi cha dobi wenye miiko ya kukorogea pombe, waje wakoroge.

Nikamvuta Bwana Mkwizu pembeni. Nikamwambia, "Mkurugenzi, ukijani ukifa, bwawa limekufa. Na maji haya yanakwenda Bondeni."

Alimtupia Koplo jicho, kisha akaninong'oneza. "Binti, jina la Mheshimiwa na neno hilo havikai kwenye sentensi moja. Sijakusikia."

Wakamwaga yote upande lilipokuwa linajengwa jukwaa la Jumamosi, mbali na koki. Ilipofika saa sita mchana bwawa lilikuwa buluu kama sare ya shule mpya. Wapiga picha wakapanda hadi juu ya paa la choo changu. Redio ikatangaza kwamba Mlangala imepata bahari.

Mimi nikahesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

*

Jumanne alfajiri nilifika kazini nikasimama getini, nikahisi kuna kitu kimeibwa. Vyura. Hakuna hata mmoja aliyelia.

Sikuingia. Niligeuka nikateremka Bondeni, mwendo wa saa nzima, nikamkuta Dada Sabela anamwogesha mwanawe Tegemea kwenye karai. Ana miezi saba huyo mtoto na kila anachokiona anakitia mdomoni, maji ya kuogea kwanza. Nikamweleza dada kwamba kuanzia Ijumaa wasiguse kijito.

"Tutachota wapi sasa," akaniuliza. "Ofisini kwako?"

Kisima cha karibu ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na kinatoa ndoo kumi kwa siku kikiwa na furaha. Nikasema labda wajaze vyombo. Akaniuliza vyombo hivyo vitawatosha siku ngapi, nikasema tatu. Akauliza weusi utakaa muda gani. Nikasema wiki tano, sita. Dada yangu alichukua kanga. Alimkausha mtoto masikio taratibu, moja, halafu la pili, na mimi nikaondoka mbiombio bila hata kuaga.

Dawa ni moja: kufunga ile koki. Kiangazi jua linakunywa karibu yote yanayoingia, na ukingo wa bwawa ulikuwa bado mkono mzima juu ya maji. Ukifunga, ukaliacha bwawa litulie bila kusumbuliwa, ukijani unarudi wenyewe. Kijito kinabaki na maji yake machache ya mlimani, masafi. Kazi ya kuzungusha gurudumu mara kumi na moja.

Jumatano nikaenda ofisini kuomba kibali. Perege walikuwa wameanza kuelea, matumbo juu; Bi. Rukonge alipoarifiwa, akasema andikeni wamelala kwa heshima. Bwana Mkwizu alinionea huruma, nakiri. Alitoa fomu ya Ombi la Kufunga, akajaza tarehe, akajaza jina langu, akafika kwenye mstari wa kile kinachofungwa. Akaandika "Mheshi". Kalamu ikamwanguka. Alichana ile karatasi vipande vidogo, akavila viwili, vingine akavitia mfukoni. Akanishauri nijaribu wilayani.

Wilayani walinipeleka moja kwa moja kwa Afisa Usalama, ambaye alitaka kujua tuko wangapi katika njama hii ya kumweka Mheshimiwa kizuizini. Nikasema niko peke yangu na reki. Akaandika reki. Akauliza reki ina meno mangapi. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka Alhamisi mchana, ndipo wakaniachia kwa sharti kwamba reki iripoti kila Jumatatu.

Niliporudi, bwawa lilikuwa buluu kwa juu kama unene wa kucha, chini yake jeusi. Harufu ilikwishafika stendi. Nilikwenda kwenye koki nikanyoosha mkono.

Koplo Ngasala alisogea mbele ya gurudumu. Alisema bila hasira, "Dada, hicho ni kiungo cha Mheshimiwa. Ukikishika nitakupiga risasi, halafu nitajisikia vibaya siku nzima."

Nikarudisha mkono.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya mazoezi. Viti mia nane vilipangwa ukingoni, watu mia nane wakaletwa kuvikalia, na mshereheshaji akapaza sauti akiwafundisha namna ya kufurahi. Makofi ya kawaida, makofi ya mshangao, makofi ya mama aliyepata kisima. Kisha akasoma kanuni kuu, ile ambayo kila mtoto wa nchi yetu anaijua kabla ya kujua jina la babu yake: hakuna anayeondoka mgeni rasmi akiwa amekaa. Hata uwe na nini.

Na si maneno tu. Mwanamke mmoja aliinuka akanyonyeshe, Koplo akamrudisha kitini. Bwana mmoja wa Idara ya Ardhi aliomba kwenda haja, na hiyo haja, Koplo akamwambia, nayo itamsubiri Mheshimiwa. Yule bwana akajibu kwamba Mheshimiwa bado hajafika. Koplo akamwonyesha bwawa. Yule bwana akakaa, magoti yamebanana.

Mimi nilikuwa nyuma yao. Weusi ulikuwa umebakiza hatua kama ishirini kufika kwenye koki. Nilikuwa nautazama unavyosogea, namtazama Koplo, nautazama tena weusi. Na ghafla nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kibao cha marumaru.

Nikamsogelea. "Afande, naomba kuelimishwa. Mtu akiondoka mbele ya Mheshimiwa bila ruhusa ni kosa?"

"Kifungu cha kumi na nne. Miezi sita."

"Akiondoka huku amempa mgongo?"

"Mwaka mzima."

"Na wakiwa wengi?"

"Wakiwa wengi hayo ni maandamano." Akashika bunduki vizuri. "Nani?"

Nikamwonyesha nyuma yake. Koki ilikuwa wazi, na maji yalikuwa yanatoka kama kawaida yake, yanaporomoka kwenda kijitoni bila kugeuka nyuma hata kidogo.

Koplo Ngasala aliyatazama. Jasho likamtoka chini ya kofia. Akauliza kwa sauti ndogo hii hali imeanza lini. Nikasema ukweli, kwamba tangu mabwawa yajengwe. Akauliza, hata mbele yake, miezi minne yote hii? Nikasema hata wakati wa saluti.

Hakusubiri nimalize. Aliweka bunduki chini, akalikamata gurudumu kwa glavu zake nyeupe, akalizungusha mara kumi na moja huku akiyakemea maji yakae. Lilipokaza, glavu zilikuwa na kutu mpaka kwenye vifundo vya mikono. Tone la mwisho lilining'inia mdomoni mwa bomba. Alilitazama kwa ukali mpaka likakauka.

*

Jumamosi hapakuwa na upepo, na hiyo ilikuwa bahati mbaya ya kila mtu. Bi. Rukonge alikuwa amegawa pipi za mnanaa na tangazo: kushika pua kutahesabiwa kuwa ni kutoa maoni. Kwa hiyo watu mia nane wakakaa wamenyooka, machozi yanawatoka, na redio ikayatangaza yale machozi kuwa ya upendo. Kikundi cha ngoma kilicheza kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, kila mchezaji akitaka zamu yake iishe.

Mheshimiwa Chemchemi ya Taifa alifika na magari thelathini na manne. Alikuwa mdogo kuliko picha zake. Alipanda jukwaani, akakaa kitini, akatandaza hotuba yenye kurasa nyingi, akatukumbusha alikotutoa. Alisema zamani taifa hili halikuwa na hata sehemu ya kuweka uchafu wake, ilibidi kila mtu auhifadhi moyoni. Makofi ya kawaida. Alisema leo amekuja kujiona katika maji haya, kwa kuwa kiongozi na maji ni kitu kimoja, wote hushuka kwa wananchi.

"Nayatazama maji haya," akasema, "na ninajiona mimi mwe..."

Akayatazama.

Ile bluu ilikuwa imekatika vipande vipande kama rangi kwenye mlango wa zamani, na katikati, mbele yake hasa, povu kubwa jeusi lilipanda kutoka chini taratibu, likavimba, likapasuka. Mheshimiwa alifunga mdomo. Aliinuka, akashuka ngazi, akaingia garini. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Zilikuwa zimepita dakika saba tangu afike.

Mshereheshaji alitangaza kwamba Mheshimiwa ameitwa na majukumu, akiwa mwenyewe ameshaanza kukimbia. Na kwa kuwa kanuni sasa ilikuwa inaruhusu, wote mia nane waliondoka kwa pamoja. Bwana Mkwizu alipita kwenye ua wa miiba. Bi. Rukonge aliacha kiatu. Kabla ya kuhesabu mia, ukingo mzima ulibaki na viti vilivyopinduka, na vumbi, na mimi, na Koplo Ngasala.

Alikuwa amesimama palepale. Akanyoosha koti, akakaza glavu zake zenye kutu, akapiga hatua nne mpaka kwenye koki. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mheshimiwa ameinuka," akasema. "Akiinuka, wote wana ruhusa ya kuondoka. Na maji haya pia."

Akaweka bunduki chini, akalishika gurudumu. Weusi ulikuwa umejaa pale nyuma ya koki, umegusa chuma. Niliwaza karai la dada yangu, na yule mtoto anayefungua mdomo kila maji yanapomgusa. Likalia mara moja, gurudumu, robo ya mzunguko, na uzi mwembamba mweusi ukatokeza mdomoni mwa bomba.

"Afande," nikasema. "Ni nani aliyeondoka?"

"Mheshimiwa."

"Na huyu unayempigia saluti saa moja kila asubuhi?"

Mkono wake ulisimama.

"Yule amekuja dakika saba. Huyu umekaa naye miezi minne, mvua na jua. Leo wamemkimbia wote, mpaka wa meza kuu. Mtazame. Ameinuka huyu?"

Koplo Ngasala aligeuza kichwa barabarani, ambako vumbi la magari thelathini na manne lilikuwa bado halijatua. Kisha akaligeukia bwawa. Lilikuwa jeusi, zito, limetulia, povu moja moja likipasuka. Alilitazama kwa muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nadhani alikuwa anapita kifungu kwa kifungu.

Akalirudisha gurudumu robo ile. Akaongeza na nguvu kidogo. Ule uzi ukakatika.

"Amekaa," akasema.

Akalipigia saluti bwawa, na safari hii hakukuwa na wa kumwona zaidi yangu. Kisha akatoa daftari mfukoni na kuniuliza, kwa adabu kama anayemuuliza daktari, Mheshimiwa akiamka atajulikanaje.

"Atakuwa kijani."

"Si buluu?"

"Kijani, Afande. Na vyura wataanza kabla yake."

Akaandika. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema wiki tano au sita, mradi asije mtu kumtia chochote. Akaandika na hilo pia, akalipigia mstari chini, akalirudisha daftari. Akaokota bunduki, akasimama mbele ya gurudumu, uso ameuelekeza barabarani.